Mvua ya Mungu, Tope la Nani?

Zamani, kabla Bariadi haijawa na ofisi ya mkuu wa mkoa wala utabiri wa hali ya hewa kuja kwa simu, mtawala wa Kisukuma aliweza kupoteza kiti chake kwa sababu ya mawingu. Ntemi ndiye aliyehesabiwa mwenye mvua ya himaya yake. Aliita waganga wa mvua, akashika miiko, akasimamia matambiko, na misimu ikikataa mfululizo, watu walianza kumtazama kwa jicho jingine. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alieleza habari za watawala hao katika kitabu chake The Ntemi cha mwaka 1951. Ntemi ambaye nchi imemkaukia aliweza kuondolewa na mwingine wa ukoo wa kitawala akasimikwa, huenda yeye mbingu zingemsikia.

Msomaji wa leo anaweza kucheka. Asiharakishe. Watu wale walikosea kudhani kwamba binadamu ndiye afungaye na kufungua mawingu, lakini walikuwa na kitu ambacho wajukuu wao wamekikosa: walijua wa kumuuliza. Utemi ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiti kikaondoka, swali likabaki bila anwani. Ukame ukija sasa, kila mtu ana jibu lake. Mhubiri anataja dhambi, mtaalamu anataja tabianchi, mwanasiasa anataja kudra ya Mungu, jirani anamtaja bibi kizee wa nyumba ya tatu. Majibu haya hayana uzito sawa, na jibu moja kati ya hayo limeua watu.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuumega mkoa wa Shinyanga na kuongezewa kipande cha mkoa wa Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Mkoa ulichukua jina la mto ambao kwa miezi mingi ya mwaka huwa ni njia ya mchanga. Mto Simiyu na mwenzake Duma hutokea upande wa Serengeti, hupita kwenye tambarare za pamba na mahindi, na kumwaga maji katika Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, upande wa Magu. Mvua za eneo hili kwa kawaida huwa kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka. Si kidogo kwa kutajwa. Shida ni namna zinavyokuja. Hushuka kwa kishindo siku chache, mto ukajaa maji ya rangi ya chai, kisha jua likarudi kana kwamba halikuwahi kuondoka.

Ifikapo Septemba, maji ya Simiyu hayaonekani ila na anayejua pa kuchimba. Wanawake hufukua mchanga wa mtoni kwa mikono na bakuli mpaka shimo linafika kina cha kiuno, wakati mwingine zaidi. Maji huchuruzika taratibu kutoka ubavuni mwa shimo, yakajaa kiasi cha bakuli moja. Mchotaji humimina, husubiri, huchota tena. Dumu la lita 20 hulijaza kwa uvumilivu, si kwa nguvu. Akimaliza, shimo huzungushiwa matawi ya miiba, ng'ombe wasije kulikanyaga. Ule mchanga ni ghala: umeyaficha maji jua lisiyafikie, na umeyachuja kidogo pia. Hakuna mhandisi aliyeujenga.

Kuna kinaya kikubwa katika habari hii. Mwezi Mei mwaka 2020, Ziwa Victoria lilifikia kina ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa, na mwaka 2024 likapanda tena hadi kiwango cha rekodi. Kwenye fukwe zake maji yaliingia majumbani na mashambani. Ufuko wa Simiyu wenyewe uko Busega. Lakini mfugaji wa Meatu, mkoa huohuo, hafaidiki na kujaa kwa ziwa hilo. Sehemu kubwa ya maji ya wilaya yake hata haielekei huko, bali hushuka kwa mito ya Semu na Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Kwa hesabu za serikali mkoa huu una wasimamizi wawili wa maji, Bodi ya Bonde la Ziwa Victoria na Bodi ya Bonde la Kati.

Nabii Amosi aliwahi kuliona jambo la namna hii. Katika sura ya nne ya kitabu chake, mvua inanyesha mji mmoja na kuuruka mwingine, na watu wa miji iliyokaukiwa wanayumbayumba kwenda kunywa kwa jirani, wasitosheke. Kwake yeye hiyo ni sauti ya Mungu akiwaita watu wake warudi. Andiko hilo humfaa sana mhubiri wa Usukumani, kwa kuwa wasikilizaji wake wamekwisha kuona wingu likimwaga maji ng'ambo ya korongo, kwao likaishia ngurumo. Mamlaka ya Hali ya Hewa huliita jambo hilo mtawanyiko usioridhisha. Ni maneno makavu, lakini yana wema wake: hayamhukumu mtu.

Hukumu ndiyo inayotisha. Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji 67 vya Meatu, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Shinyanga. Alilinganisha rekodi za mvua na rekodi za mauaji. Katika miaka ya mvua isiyo ya kawaida, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa ndugu zao. Maelezo ya Miguel ni ya kiuchumi: mvua ikiharibika, chakula kinapungua, na kaya iliyobanwa inamgeukia yule anayekula bila kuzalisha. Moja ya tiba alizozijadili ni pensheni kwa wazee.

Hapo swali la kidini linapata meno. Imani kwamba ukame lazima uwe na mkosaji inaonekana ya haki, kwa kuwa inakataa kuamini kwamba ulimwengu unatesa watu ovyo. Lakini mkosaji akisakwa angani, anayepatikana ni mnyonge aliye karibu. Ntemi angalau alikuwa na walinzi na ukoo wa kumtetea. Bibi wa Meatu hana hata mmoja.

Hata bila uchawi, tabia hiyo haijafa. Imevaa suti tu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi, Wasukuma miongoni mwao, waliondolewa pamoja na mifugo yao katika bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu. Nchi ilikuwa imetoka katika ukame mkali, Bwawa la Mtera lilikuwa limekauka, umeme ukawa wa mgao, na ng'ombe wakatajwa kuwa ndio waliokausha mto Ruaha Mkuu. Watafiti waliokuwa wamelichunguza bonde hilo kwa miaka walikuwa na maelezo tofauti: maji ya kiangazi yalikuwa yakichepushwa juu zaidi, kwenye mifereji ya mashamba, mpunga ukiwemo. Ng'ombe alionekana. Mfereji haukuonekana.

Biblia yenyewe ina kisa ambacho wahubiri wa ukame wangekitumia zaidi kuliko wanavyokitumia. Katika Wafalme wa Kwanza, njaa imekuwa kali Samaria. Mfalme Ahabu anamwita Obadia, msimamizi wa nyumba yake, wagawane nchi wakatafute chemchemi na mabonde. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya farasi na nyumbu, wasife. Mwandishi halaumu wala haelezi. Anaacha msomaji aone mfalme akihangaikia mazizi yake wakati watu wanakufa njaa. Kisha Ahabu anakutana na Eliya, na neno lake la kwanza ni kumtupia lawama kwamba ndiye aliyeitaabisha Israeli. Mtawala aliyeweka farasi mbele anamtafuta mchawi.

Upande wa Uislamu, swala ya kuomba mvua ina masharti ambayo husahaulika kirahisi. Wengi hukumbuka rakaa mbili uwanjani na imamu anayegeuza shuka lake. Lakini vitabu vya madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, vinataka mambo yatangulie: watu watubu, wafunge, watoe sadaka, na waliodhulumiwa warudishiwe haki zao. Wanyama nao hutolewa uwanjani, kwa kuwa kiu ni yao pia. Maana ya utaratibu huo ni nzito. Kabla ya kuinua mikono kwa ajili ya maji yasiyopo, hesabu ya maji yaliyokuwepo ifungwe. Nani alichukua zaidi? Nani alimzibia mwenzake?

Hesabu hiyo ikifunguliwa Simiyu, itaanzia kwenye lambo. Malambo mengi ya Usukuma yana historia ndefu. Mpango wa kuendeleza Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliyachimba kwa wingi, pamoja na amri za kupunguza mifugo zilizowachukiza watu mpaka leo wazee huzisimulia. Lambo ni tuta la udongo lililokinga korongo. Juu yake kulikuwa na vichaka. Vikafyekwa, pamba ikapandwa, ng'ombe wakapita humohumo kwenda kunywa. Kila mvua ya kishindo ikateremsha udongo, na udongo ukitua lamboni hauondoki. Kina kinapungua, maji yanatandaa mapana na membamba, na jua la huku lina uwezo wa kunyonya zaidi ya mita moja na nusu ya kina kwa mwaka. Lambo lililojaa tope hukauka hata mwaka ambao mvua haikuwa mbaya.

Mvua ni ya Mungu. Hilo hakuna anayelibishia Bariadi, Mkatoliki, Msabato, mtu wa kanisa la AIC wala Mwislamu. Tope je? Lile lina wenyewe, na wanajulikana kwa majina. Wapo waliolima hadi ukingoni, wapo waliokaa vikao vya kijiji bila kusema kitu, yupo ofisa aliyeona bajeti ya kuchimbua tope ikisogezwa mwaka hadi mwaka. Mtu akisema ukame ni kudra akiwa amesimama juu ya tope hilo, anamsingizia Mungu kazi ambayo hakuifanya. Waumini wana jina la kosa la kumsingizia Mungu, na si jina zuri.

Wasukuma wenyewe walikuwa na dawa, na dawa hiyo haikuwa na uganga ndani yake. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, likafunguliwa kiangazi kikibana. Vijiji vya ujamaa na upanuzi wa mashamba vilikuwa vimezimaliza karibu zote. Kuanzia mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliacha kuwafundisha watu kupanda miti ya kigeni tu ukawauliza walichokuwa wakifanya zamani. Ngitili zilizokuwa zimebaki mamia ya hekta zikafufuka hadi kupita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwamo kwa kuwa zote zilikuwa Shinyanga. Ardhi iliyofunikwa hunywa mvua badala ya kuitupa korongoni. Kinachovutia kwa mwenye kupenda falsafa ni kwamba ngitili ni mfungo: jamii inajinyima nyasi zinazoonekana kwa macho, kwa ajili ya mwezi ambao haujafika. Mila ilitia nguvu mfungo huo kwa faini, haikungoja watu wawe watakatifu.

Basi maji yakishapatikana, nani aanze?

Huko Maswa na Bariadi swali hili hukaa kwenye majaruba. Mkulima wa mpunga mara nyingi hana mfereji kutoka mtoni. Hunasa maji yanayotiririka kutoka mlimani, barabarani na kwenye njia za ng'ombe, akayaingiza katika vishamba vilivyozungushiwa matuta, jaruba la juu likijaa ndipo la chini lipate. Mwaka wa neema hakuna ugomvi. Mwaka wa ukame, mwenye jaruba la juu akiongeza tuta kwa jembe usiku mmoja, wa chini hana mpunga.

Kesi hiyo ilishawahi kusikilizwa Madina. Zubayr bin Awwam na mtu mmoja wa Ansari waligombea maji ya mifereji ya Harra yaliyokuwa yakimwagilia mitende. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimwambia Zubayr amwagilie kidogo kisha amwachie jirani. Yule mtu wa Ansari akakasirika, akadai upendeleo, kwa kuwa Zubayr alikuwa mtoto wa shangazi yake Mtume. Ndipo Zubayr akapewa haki yake kamili: azuie maji mpaka yafike kwenye kingo, kisha ayaachie. Wanazuoni wakakipima kiasi hicho kuwa ni kufika kwenye vifundo vya miguu. Wengi husoma kisa hiki kama ushindi wa wa juu. Kinasomeka pia kinyume: hata haki kamili ya wa juu ina kipimo, na kipimo hicho ni kifundo cha mguu, si goti. Na hukumu ya kwanza, ile ya huruma, ilimpa wa chini maji mapema kuliko ile aliyoililia.

Ng'ambo ya Serengeti, wilayani Ngorongoro, Wabatemi, ambao vitabu vya zamani huwaita Wasonjo, wamejenga jibu jingine kwa vizazi vingi. Wao humwagilia kwa chemchemi na mifereji, na zamu za maji huamuliwa na baraza la wazee liitwalo Wenamiji. Robert Gray alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963. Kule maji, mamlaka na ibada ni kitu kimoja. Anayeiba zamu ya mwenzake hamkosei jirani pekee. Utaratibu huo umedumu, jambo ambalo miradi mingi ya saruji haiwezi kujivunia. Tusiupambe mno, hata hivyo. Maji ya Wabatemi hufuata daraja la mtu, na aliye nje ya daraja hupata kwa kulipa na kusubiri.

Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haifuati mahali shamba lilipo wala heshima ya mtu. Inafuata haja. Matumizi ya nyumbani kwanza. Pili mazingira, yaani mto ubakiziwe maji ya kuwa mto. Kisha ndipo kilimo, viwanda na mengineyo. Anayechota kwa ajili ya nyumbani haombi ruhusa. Anayefunga pampu ya petroli kando ya mto kumwagilia nyanya na vitunguu anapaswa kuwa na kibali cha bonde. Mpangilio huo una ujasiri wake. Mbunge yeyote angeweza kuuliza kwa nini kiboko wa Duma atangulie mpunga wa mpiga kura. Jibu la kisheria ni kwamba mto uliokufa haumwagilii mtu. Jibu la kidini lingekuwa kwamba wale wanyama waliotolewa uwanjani wakati wa swala hawakupelekwa kwa mapambo. Udhaifu wa sheria uko kwingine: mwenye pampu huvuta alfajiri na jioni, ofisi ya bonde iko Mwanza.

Mambo hupanuka zaidi ukifuata maji ya Simiyu hadi mwisho. Yakiingia Ziwa Victoria, hutokea Jinja na kuwa Nile. Kwa mkataba wa mwaka 1929, Uingereza ilikubali kwa niaba ya makoloni yake kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji yanayofika Misri isifanywe bila ridhaa ya Misri. Kwa maneno mengine, tone lililoanguka karibu na Bariadi lilikuwa na bwana Cairo kabla halijagusa ardhi. Mwaka 1962 Nyerere alikataa: nchi huru haifungwi na ahadi alizotoa mkoloni juu ya mali isiyo yake. Tanzania ikatekeleza kwa vitendo ilipovuta maji ya ziwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, mradi uliozinduliwa mwaka 2009 licha ya Misri kuulalamikia. Mkataba mpya wa Entebbe wa mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024, Misri na Sudan zikiwa nje.

Sasa bomba la ziwa linaelekea Simiyu yenyewe. Aprili 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha ruzuku ya euro milioni 102.7, kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, kwa mradi wa kupeleka maji ya ziwa katika wilaya tano za mkoa na kuwasaidia wakulima kuhimili ukame. Fedha hizo zinaliacha tambiko la ntemi na mahubiri ya Amosi pamoja mahali pagumu. Mfuko upo kwa sababu sayansi imethibitisha kwamba moshi wa viwanda na magari wa miaka mingi umeibadili anga. Sehemu ya ukame, basi, ina mkono wa binadamu hata huko juu, ila mkono huo hauko Meatu. Na hapo linakuja swali la maadili ambalo mikataba hulikwepa kwa neno ruzuku: hii ni sadaka au ni deni? Ikiwa sadaka, anayepokea hushukuru na kukubali kinachokuja, wakati wowote kinapokuja. Ikiwa deni, ana haki ya kuuliza kiasi, tarehe na kilichobaki. Dini zote mbili kubwa za Simiyu zinatofautisha mambo haya, na zote zinasema deni litangulie sadaka.

Anayedai naye anadaiwa. Udongo unaoteremka kutoka mashamba ya Bariadi, Maswa na Itilima haukomei kwenye malambo. Mto ukijaa huubeba pamoja na mbolea hadi Ghuba ya Speke, ambako watafiti wamelitaja bonde la Simiyu miongoni mwa yanayochafua maji ya ziwa. Mvuvi wa Magu yuko chini ya mkulima wa Bariadi kama mkulima huyo alivyo chini ya anga la wenye viwanda. Naye anaweza kupanda basi hadi Bariadi na kuuliza tuta la lambo lilibomoka lini, nani alilima ukingoni, na kijiji kilikaa kikao gani.